Usiku mzuri, asubuhi tupu: kwa nini ndege wahamaji huonekana siku mbaya

Kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Juni, mabilioni ya ndege huyaacha maeneo ya joto walikokaa wakati wa baridi na kurudi kaskazini kutaga. Huo ndio msimu ambao watu wenye darubini hawalali vizuri, na kila mwaka hukutana na jambo lilelile. Usiku umekuwa mtulivu, upepo wa kusini umevuma taratibu, kumepambazuka jua safi. Ukiingia msituni unawakuta wakazi wa siku zote, shomoro na njiwa, basi. Siku mbili baadaye kunanyesha, baridi inauma vidole, mawingu yameshuka hadi juu ya miti, na kichaka kimoja tu kina ndege wa aina kumi na tano, wamechoka, wanadonoa wadudu hatua chache kutoka ulipo bila hata kukujali.

Mtu yeyote angesema ndege wamefika siku ya mvua. Kwa kawaida sivyo. Msafara mkubwa ulipita usiku ule mtulivu, juu, gizani, na hakuna aliyeuona. Mvua iliwakatisha safari waliokuwa njiani ikawashusha. Tunachokiona tukiwa chini ni ndege waliosimama, na ndege husimama kwa sababu ambazo mara nyingi hazihusiani na wingi wao angani. Ukilishika hilo, mengi yanayochanganya katika taarifa za msimu huu hufunguka.

Wataalamu wenyewe waliwahi kubishana vikali juu yake. Mwaka 1945 George Williams, aliyekuwa akiwatazama ndege kwenye pwani ya Texas, alichapisha makala akiuliza waziwazi kama kweli ndege huivuka Ghuba ya Meksiko majira ya kuchipua. Hoja yake ilikuwa na mantiki. Kama mamilioni ya ndege wadogo wanaruka juu ya bahari kutoka rasi ya Yucatán hadi kusini mwa Marekani, watue wapi ikiwa si kwenye nchi kavu ya kwanza watakayoiona? Basi pwani ingepaswa kujaa kila siku. Lakini kukiwa na hali nzuri ya hewa pwani ilikuwa kimya. Akahitimisha kwamba wengi wao huenda huzunguka ghuba kwa kufuata nchi kavu.

George Lowery wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana alimjibu mwaka uliofuata. Ukimya huo, alisema, hauthibitishi kwamba ndege hawavuki. Ndege aliyebebwa na upepo mzuri akafika ufukweni bado ana nguvu hana haja ya kutua kwenye vinamasi vya chumvi na nyasi. Anaendelea hadi kwenye misitu ya bara, kilomita nyingi mbele, ambako kuna chakula na maficho. Ukanda wa pwani unabaki mtupu kwa sababu mambo yamewaendea vyema. Ni pale upepo unapogeuka na kutoka kaskazini, au mvua inapowakuta juu ya maji, ndipo wanapotua kwenye mti wa kwanza, hata kwenye mchanga wenyewe.

Lowery alitafuta ushahidi kwa njia ninayoipenda sana kwa urahisi wake. Alielekeza darubini kwenye mwezi mpevu. Ndege anayepita usiku mbele ya mwezi huonekana kama kivuli kidogo kinachokatiza uso wake, na kwa kuandika kilipoingia na kilipotokea unaweza kukadiria mwelekeo na idadi. Mwaka 1948 watazamaji wa kujitolea katika vituo vingi vya Amerika Kaskazini walikaa usiku wakihesabu vivuli hivyo. Walikuta anga lina shughuli ambayo mchana haukuwahi kuidokeza.

Jibu kamili lililetwa na rada. Wakati wa Vita Kuu ya Pili waendesha rada wa Uingereza walisumbuliwa na alama zisizo za ndege za kivita wala za meli, wakazipa jina la malaika. Mwaka 1945 David Lack na mwenzake walieleza kwamba malaika hao walikuwa ndege wenye manyoya. Miaka ya 1960 Sidney Gauthreaux, huko Louisiana, akazitumia rada za hali ya hewa kuufuatilia msafara wa ghuba. Picha iliyojitokeza ndiyo tunayoijua leo: ndege huondoka Yucatán muda mfupi baada ya jua kuzama, huruka usiku kucha juu ya maji kwa karibu kilomita elfu moja, na huanza kuifikia pwani ya kaskazini kuanzia asubuhi iliyokwisha kukomaa hadi alasiri. Siku njema, wengi hupita juu ya ufukwe bila kushuka. Williams naye hakuwa amekosea kwa yote, maana wapo ndege ambao kweli huzunguka kwa nchi kavu. Kosa lilikuwa kulichukulia anga tupu la mchana kuwa kipimo.

Kwa nini usiku, basi? Ndege wengi wadogo, ambao maisha yao yote ya kawaida ni ya mchana, hubadilika kabisa katika wiki za safari. Usiku hewa ni tulivu na ya baridi, kwa hiyo mwili unaofanya kazi kubwa haupati joto la kupita kiasi wala haupotezi maji mengi. Vipanga na kozi wamelala. Nyota zipo za kuwaongoza. Na zaidi ya yote, mchana unabaki huru kwa ajili ya kula. Sehemu kubwa ya muda wa safari nzima haitumiki kuruka bali kutafuta chakula na kupumzika. Yule ndege unayemtazama kichakani yuko kwenye kituo cha mafuta, na ataondoka tangi likijaa na njia ikiwa wazi.

Tangi hilo ni la mafuta kwelikweli. Gramu moja ya mafuta mwilini hutoa nishati zaidi ya maradufu ya ile ya wanga, na huhifadhiwa bila uzito wa maji. Archilochus colubris, yule ndege mdogo anayeelea hewani mbele ya maua akinyonya asali yake, huwa na uzito wa takriban gramu tatu, na kabla ya kuivuka Ghuba ya Meksiko anaweza kukaribia maradufu. Kwa upande mwingine wa kipimo yupo Limosa lapponica, ndege wa pwani mwenye mdomo mrefu. Mwaka 2007 mmoja wao, jike lililopewa alama E7 na kufungwa kifaa cha setilaiti, liliruka kutoka New Zealand hadi kwenye fukwe za Bahari ya Njano, zaidi ya kilomita 10,000, kwa takriban wiki moja bila kutua popote. Likala hapo kwa wiki kadhaa, kisha likaenda Alaska kutaga. Kwenye marejeo halikupita tena Asia: lilikata moja kwa moja katikati ya Pasifiki hadi New Zealand, kilomita zipatazo 11,600, safari ya siku nane hivi. Mtu wa Bahari ya Njano aliyemzoea ndege huyo wa Aprili angemsubiri bure katika safari hiyo ya kurudi. Zipo aina nyingine nyingi ambazo njia ya kwenda si njia ya kurudi, kwa hiyo mahali pamoja panaweza kujaa msimu mmoja na kukosa hata mmoja msimu mwingine, bila tatizo lolote kuwapata ndege wenyewe.

Sasa upepo. Katika nusu ya kaskazini ya dunia, hewa huzunguka eneo la mgandamizo mdogo wa hewa kinyume na mwendo wa saa. Eneo hilo likisogea kutoka magharibi kwenda mashariki, upande wake wa mbele hupata upepo vuguvugu wa kusini, na nyuma yake huja upepo baridi wa kaskazini. Ndege aliye tayari huusubiri ule wa kusini, kwani ndege mdogo ana mwendo wake mwenyewe wa kilomita 30 au 40 tu kwa saa, na upepo wa nyuma unaweza kuufanya mwendo huo uwe mara mbili. Ndiyo maana msafara huenda kwa mawimbi: usiku mmoja au miwili mizito sana, halafu kimya cha siku kadhaa. Pale ambapo hewa hizo mbili hugongana, mvua hunyesha, na ndege walioondoka na upepo mzuri huingia ukutani. Hapo ndipo hutokea ile mimiminiko inayosimuliwa kwa miaka, kama kwenye miti michache ya High Island huko Texas, au ncha ya Point Pelee inayochoma ndani ya Ziwa Erie upande wa Kanada. Watazamaji hufurahia. Mimi hufurahia pia, sikatai, ila inafaa kukumbuka kwamba kila kilichotua hapo ni mwokokaji, na wenzake wengine waliangukia majini.

Umbo la ardhi nalo hudanganya. Ndege aliyejikuta juu ya maji alfajiri huelekea nchi kavu iliyo karibu, na kwa hiyo visiwa na ncha za ardhi hukusanya ndege wengi kuliko eneo lao linavyostahili. Helgoland, kisiwa kidogo cha Ujerumani katika Bahari ya Kaskazini, kimekuwa na kituo cha kuchunguza ndege tangu 1910 kwa sababu hiyohiyo. Jiji linaweza kufanya kazi ileile. Mwanga wa taa huwavuta ndege wa usiku, kisha kunapokucha wanajikuta juu ya zege lisilo na mwisho, na kipande pekee cha kijani kinakuwa kimbilio. Central Park ya New York ina sifa kubwa miongoni mwa watazamaji wa Mei, na sababu haitokani na ubora wa miti yake kupita misitu ya milimani. Ndege wa mjini hawana pengine pa kwenda, na wenye darubini ni wengi.

Ndege wakubwa wanaoelea wana kanuni zao. Korongo weupe, tai na jamaa zao hawapendi kupiga mabawa. Hutegemea mikondo ya hewa ya joto inayopanda kutoka kwenye ardhi iliyopigwa na jua. Mikondo hiyo haipatikani usiku, na juu ya bahari ni hafifu. Kwa hiyo husafiri mchana na hubanana palipo na maji membamba: Gibraltar, ambako Afrika na Ulaya zimetengana kwa kilomita 14 tu, au mlangobahari wa Bosphorus huko Uturuki, au hupita kwa nchi kavu kwenye kona ya Eilat huko Israeli, kati ya Afrika na Asia. Kwa hao siku ya jua ni siku ya kuonekana, ingawa wakipanda juu sana macho huwapoteza. Mbayuwayu nao husafiri mchana, wakila wadudu hewani wakiendelea na safari. Kanuni ya usiku mzuri na asubuhi tupu haiwahusu hao, na mtu akiichanganya na hii nyingine atachanganyikiwa zaidi ya alivyoanza.

Kabla ya upepo kuna swali la nani aliyewaambia waondoke. Miaka ya 1920 William Rowan, huko Alberta, Kanada, aliwafungia ndege wadogo nje kwenye baridi kali na kuwawashia taa jioni, akiirefusha siku kidogo kidogo. Viungo vyao vya uzazi vikakua katikati ya majira ya baridi kama vile chipukizi zimeshatoka. Urefu wa mchana, basi, ndio ishara, wala si joto. Lakini ndege aliyekaa karibu na ikweta, ambako mchana haubadiliki kwa kiasi cha kueleweka, anajuaje kwamba kaskazini barafu inayeyuka? Eberhard Gwinner wa Ujerumani aliwaweka ndege wa jamii hiyo chumbani kwenye mwanga na giza vya saa 12 kwa 12, bila mabadiliko yoyote, na bado mwaka hadi mwaka walinenepa, wakabadili manyoya na kuhangaika usiku wakati wa safari ulipokaribia. Saa iko ndani ya mwili. Ikiachwa peke yake haitimizi mwaka kamili, mara nyingi hupungukiwa na miezi, na huko porini mwanga ndio unaoirekebisha.

Saa hiyo ndiyo inayofanya tarehe za kuwasili zifanane mwaka hadi mwaka, na hali ya hewa ndiyo inayozisogeza kwa siku chache. Madume kwa kawaida hutangulia, kwa kuwa anayewahi hupata eneo bora la kujengea kiota. Ndio wanaoimba, ndio wenye rangi kali, kwa hiyo ndio wanaoonekana kwanza. Majike hufuata kimyakimya, na taarifa za msimu huwasahau. Kama orodha za wiki ya kwanza zimejaa madume, hakuna upungufu wa majike. Bado wako njiani.

Halafu kuna ndege wasiotarajiwa. Hudihudi, ambaye makazi yake ya Ulaya yako hasa kusini, hujitokeza karibu kila mwaka kwenye nyasi za kusini mwa Uingereza mwezi wa Aprili. Mara nyingi ni baada ya siku kadhaa za mgandamizo mkubwa wa hewa na upepo vuguvugu kutoka Hispania na Ufaransa. Alikuwa anaelekea nyumbani, anga likawa jema mno, akapitiliza. Mmoja wa namna hiyo haonyeshi kwamba aina yake inahamia kaskazini. Wakirudi kila mwaka na kuanza kutaga, hapo ndipo pa kuanza kuuliza.

Wanaopenda tarehe ya ndege wa kwanza wataniwia radhi. Tarehe hiyo ina mvuto, lakini ni kipimo dhaifu. Inategemea ndege mmoja, tena asiye wa kawaida, na inategemea idadi ya macho yanayotazama. Watazamaji wakiongezeka mara kumi, ndege wa kwanza ataonekana mapema zaidi hata kama hakuna hata mmoja aliyebadili ratiba. Wikendi huongeza ndege kwenye kumbukumbu kwa sababu watu wako likizo. Kinachofaa kulinganishwa ni siku ambayo nusu ya msafara imeshapita, na ili kuijua unahitaji orodha zilizoandikwa kwa utaratibu: saa ya kuanza na kumaliza, umbali uliotembewa, aina zote zilizoonekana na si zile za kusisimua tu. eBird, mfumo wa Chuo Kikuu cha Cornell ulioanza 2002, huwaomba watu mambo hayo, na huwataka waseme kama orodha yao imetaja kila walichokitambua. Swali hilo dogo ndilo linalogeuza matembezi kuwa takwimu, kwa sababu ndege asiyetajwa kwenye orodha kamili anahesabika kuwa hakuonekana. Kwenye orodha isiyo kamili, kutotajwa hakusemi chochote.

Rada nayo ina udhaifu wake. Inahesabu wingi angani lakini haitaji majina. Haiwezi kutenganisha aina moja ya ndege mdogo na nyingine. Macho hutaja majina lakini huona sehemu ndogo iliyotua. Vikiunganishwa ndipo hupatikana kitu cha kuaminika. Utafiti uliochapishwa 2019, uliotumia hesabu za ardhini pamoja na rada, ulikadiria kwamba Amerika Kaskazini ina ndege pungufu kwa karibu bilioni 2.9 ikilinganishwa na 1970, na njia zote mbili zilielekea upande uleule. Anayesema mwaka huu ndege ni wengi kwa sababu juzi alikuta kichaka kimejaa anazungumzia mvua ya juzi.

Swali zito lililobaki ni kama saa ile ya mwilini itaendana na kaskazini inayopata joto mapema. Mfano uliochunguzwa kwa kina ni Ficedula hypoleuca, ndege mdogo mweusi na mweupe anayekaa Afrika Magharibi wakati wa baridi na kutaga Ulaya. Makinda yake hulishwa viwavi, na viwavi hufuata majani mapya ya miti. Mwaka 2001 Christiaan Both na Marcel Visser walionyesha kwamba huko Uholanzi kilele cha viwavi kilikuwa kimesogea mapema, ilhali ndege hawakuwa wamebadili siku ya kuwasili. Walikuwa wameharakisha kutaga baada ya kufika, lakini kwa kiasi kisichotosha. Katika makala ya 2006 walionyesha kwamba pale ambapo viwavi huwahi zaidi, ndege hao walikuwa wamepungua kwa karibu asilimia 90 ndani ya miongo miwili.

Jaribio lililoripotiwa 2023 linaonyesha njia moja ambayo ndege wangeweza kuifuata. Mayai ya ndege hao yalichukuliwa kutoka Uholanzi yakaanguliwa kwenye viota vya kusini mwa Sweden, ambako viwavi huchelewa zaidi. Walioanguliwa humo walirudi Sweden miaka iliyofuata wakiwa na saa ya Uholanzi: walianza kutaga mapema kuliko wenyeji, na makinda yao yalifanikiwa zaidi. Ratiba, kwa hiyo, ilikuwa imerithiwa kutoka kwa wazazi, huku mahali pa kurudia pakiwa pale walipoanguliwa. Porini ndege wa kusini wakipitiliza kwa kilomita mia chache na kutaga huko, wanafika na saa inayofaa msimu mpya. Je, wanaofanya hivyo ni wengi kiasi gani? Hapo ndipo pete za miguuni wanazovishwa ndege ili watambulike na orodha za kila asubuhi zinapoanza kuwa na kazi.